Ramani ya marubani ya Grand Canyon: pande mbili, na mmoja tu ndio wako

Ukifungua ramani ya kawaida ya anga ya eneo la Las Vegas, ile ya kipimo cha 1:500,000, utakuta Grand Canyon imezungushiwa mpaka, na pembeni kuna maelezo yanayokutuma kwenye ramani nyingine. Hiyo nyingine ndiyo inayopimwa hapa: Grand Canyon VFR Aeronautical Chart, inayotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa marubani wanaoruka kwa kuona kwa macho. Kipimo chake ni 1:250,000. Inchi moja ya karatasi ni kama maili 3.4 za baharini, kwa hiyo korongo lenyewe linaonekana mara mbili ya ukubwa uliouzoea. Ipo ya karatasi, na faili zake zinapakuliwa bure kwenye tovuti ya FAA.

Nyota nne kati ya tano. Rubani wa ndege ndogo anayetaka kulivuka korongo lile bila kuvunja kanuni na bila kukutana uso kwa uso na ndege ya watalii hana kifaa kingine cha maana kuliko hiki. Nyota ya tano imekatwa kwa kosa moja la mpangilio ambalo linaweza kumshusha mtu futi 3,000 chini ya anapotakiwa kuwa. Lipo pia jambo ambalo si kosa la ramani ila linawaponza wanaoiamini kupita kiasi: inakwambia upite wapi na kwa kimo gani, lakini haisemi lolote kuhusu kama ndege yako itafika huko juu. Hesabu hiyo ni yako, na ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya uchambuzi huu.

Mistari ile inatoka wapi

Tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili za abiria, Super Constellation ya TWA na DC-7 ya United, ziligongana juu ya korongo na watu wote 128 wakafa. Ajali ile ilichangia kuzaliwa kwa FAA mwaka 1958. Miaka 30 baadaye, tarehe 18 Juni 1986, Twin Otter iliyobeba watalii iligongana na helikopta aina ya Bell 206, nayo ya watalii, wakafa 25. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 1987, kanuni maalumu za anga zikafuata mwaka 1988, na leo zimo katika Sehemu ya 93 ya kanuni za anga za nchi hiyo. Kwa maneno mengine, hakuna mstari kwenye karatasi hii uliochorwa kwa ajili ya urembo.

Eneo la kanuni maalumu linaanza ardhini na kupanda hadi chini kidogo ya futi 18,000 kutoka usawa wa bahari. Ndani yake kuna maeneo manne ambayo huruhusiwi kuyaingia kabisa: Desert View, Bright Angel na Toroweap/Shinumo ukiwa chini ya futi 14,500, na Sanup ukiwa chini ya futi 8,000. Kwa kuwa ndege ndogo nyingi zisizo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hazifiki futi 14,500 hata siku ya baridi, chukulia kwamba yale matatu ya kwanza ni ukuta. Katikati ya kuta hizo zimeachwa korido nne za kupitia: Zuni Point, Dragon, Fossil Canyon na Tuckup. Ukielekea kaskazini unapita kwa futi 11,500 au 13,500. Ukielekea kusini, 10,500 au 12,500.

Hapo pana mtego mdogo. Kanuni ya kawaida ya vimo vya safari inafuata mashariki na magharibi: dira ikisoma 0 hadi 179 unachukua elfu witiri na 500, ikisoma 180 hadi 359 unachukua elfu shufwa na 500. Ndani ya korido kanuni hiyo haitumiki. Kinachoangaliwa ni kaskazini au kusini. Rubani anayekwenda kaskazini huku dira ikisoma 350 mkono wake unazoea kutafuta 10,500 au 12,500, na akifanya hivyo atakuwa kwenye kimo cha mwenzake anayekuja kutoka mbele. Ramani imeandika vimo ndani ya korido zenyewe, waziwazi. Visome hapo, usivikokotoe kichwani.

Kosa la pande mbili

Karatasi ina pande mbili. Mmoja ni wa ndege binafsi na zinazopita njia, wa pili ni wa kampuni za watalii. Zinafanana kiasi kwamba ukiigeuza karatasi kwa haraka, kwenye ndege inayotikiswa na hewa ya mchana, jicho halistuki. Lakini vimo si vilevile. Katika korido za Zuni Point na Dragon, ndege za watalii zinaruhusiwa kushuka hadi futi 7,500, ilhali wewe kima chako cha chini ni 10,500. Katika sekta ya Supai, moja ya sehemu ambazo eneo maalumu limegawanywa, wao ni 7,500, wewe 10,000. Anayesoma upande usio wake anajiona yuko salama na halali, kumbe amejiweka katikati ya msongamano wa helikopta na ndege za watalii zinazofuata njia maalumu ambazo yeye hazijui.

Kwenye tovuti tatizo limehamia katika umbo jingine. Faili ni mbili tofauti, moja imeandikwa General Aviation na ya pili Air Tour Operators. Mtu akifungua moja tu, bahati nasibu ndiyo inayoamua. Fungua zote mbili, halafu kwenye ile ya karatasi chora kwa kalamu nene msalaba mkubwa kwenye pembe ya upande wa watalii. Ni sekunde kumi, na kosa limekwisha. Ajabu ni kwamba wachapaji wenyewe hawajafanya kitu cha namna hiyo.

Usiutupe upande ule wa pili, hata hivyo. Una kazi moja nzuri: kukusaidia kusikiliza. Kanuni inakutaka usikilize masafa ya redio ya sekta uliyomo muda wote ukiwa ndani ya eneo maalumu, isipokuwa wakati unaongea na mnara wa kiwanja cha Grand Canyon ukiingia au kutoka. Kwenye masafa hayo marubani wa watalii wanataja mahali walipo kwa majina ya vituo vyao. Ukiwa na upande wako tu, utasikia majina yasiyo na maana kwako. Usiku wa kuamkia safari, kaa na upande wa watalii, tafuta majina yaliyo jirani na korido utakayotumia, yaandike matano au sita kwenye karatasi ya gotini pamoja na upande yaliko: kulia kwa korido, kushoto, mwanzoni, mwishoni. Upande wako unautumia kwa macho, wa kwao kwa masikio. Masafa ya sekta yamechapwa kwenye ramani. Yanabadilika ukivuka mpaka wa sekta, basi kama redio yako ni moja tu, andika mapema ni alama gani ya ardhini itakayokukumbusha kubadilisha.

Kile ambacho ramani haisemi

Chukua safari ya kawaida kabisa: Cessna 172 yenye injini ya nguvu farasi 180, watu wanne au watatu na mizigo, inaondoka kiwanja cha Grand Canyon kilicho Tusayan, kusini mwa korongo, kupita korido ya Dragon kwenda kaskazini. Ramani inasema 11,500. Kiwanja kiko futi 6,609. Kwa hiyo kuna futi 4,900 za kupanda, na ukingo wa korongo uko maili chache tu kaskazini mwa kiwanja, kama sita hivi.

Sasa weka joto. Kwa kimo kile joto la kawaida la hesabu ni takriban nyuzi 2 za Selsiasi. Mchana wa Julai wa nyuzi 30 unazidi hapo kwa nyuzi 28. Kila nyuzi inaongeza kama futi 120 kwenye kimo ambacho bawa na injini vinakihisi: 28 mara 120 ni 3,360. Jumlisha na 6,600 unapata karibu futi 10,000. Ndege bado iko ardhini, magurudumu yako kwenye lami, na tayari inafanya kazi kana kwamba iko futi 10,000. Injini isiyo na tabo hapo inatoa kama asilimia 70 ya nguvu zake. Zile farasi 180 ulizolipia zimebaki 127 hivi.

Fungua kitabu cha ndege, jedwali la kupanda. Tuseme kwa uzito wako na joto la siku hiyo kinakupa wastani wa futi 300 kwa dakika, na hiyo ni kwa ndege mpya na rubani wa majaribio. Futi 4,900 ni dakika 16 na ushei. Kwa kasi ya kupanda ya noti 74 kwenye saa ya kasi (noti ni maili ya baharini kwa saa), kasi halisi kwenye hewa ile nyepesi ni kama 88 au zaidi, basi utatembea maili 24 kabla ya kufika kimo. Mlango wa korido uko mbali robo ya hapo. Ukinyoosha pua kaskazini mara tu baada ya kupaa, utafika ukingoni ukiwa umepanda futi 1,200 tu, na huruhusiwi kuingia.

Suluhisho ni la kijinga kwa wepesi wake: usielekee korongo mpaka uwe na kimo. Ardhi ya uwanda ule inashuka kuelekea kusini, mbali na ukingo, na upepo wa alasiri mara nyingi unatoka kusini-magharibi, kwa hiyo kupaa kwenye njia 21 (njia ya kurukia inayoelekea kusini-magharibi) kunakupeleka upande unaoutaka. Panda huko kwa mizunguko mipana, kwa kasi inayoipoza injini, chunga kipimo cha joto la mafuta ya injini, kisha rudi kaskazini ukiwa na 11,500 mkononi. Mwambie mnara mapema kwamba unataka kupanda kusini kwanza.

Na kama jedwali linasema 150 kwa dakika? Hapo jibu si kuzunguka zaidi. Punguza mafuta: galoni 20 za petroli ya ndege ni ratili 120, karibu uzito wa abiria mmoja mwembamba. Au ondoka alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi ikiwa nyuzi 10, hesabu ileile inatoa kimo cha kuhisiwa cha kama futi 7,600, na tofauti kati ya hapo na 10,000 ndiyo tofauti kati ya ndege inayopanda na ndege inayobembeleza. Asubuhi ina faida nyingine: kuanzia Julai hadi Septemba mawingu ya radi huota juu ya uwanda ule mchana, na hewa juu ya kingo zilizopashwa jua huwa inarusha.

Kuhusu 13,500, kanuni inamtaka rubani avute oksijeni akizidi dakika 30 kati ya futi 12,500 na 14,000, na muda wote akizidi 14,000. Korido ni fupi, hivyo wengi wataivuka ndani ya dakika 30 na watakuwa halali. Hesabu lakini na muda wa kupanda na kushuka uliotumia juu ya 12,500, na kumbuka kwamba mvutaji sigara anayeishi usawa wa bahari anaanza kuchanganyikiwa mapema kuliko kanuni inavyodhani. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni ni kidogo na ni cha bei ndogo kuliko kitu chochote kingine kwenye ndege. Kikianza kusoma chini ya ulivyozoea, shuka au vuta.

Kipini chekundu

Marubani waliojifunzia viwanja vya chini huja na tabia moja: kipini chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa kinasukumwa ndani kabisa wakati wa kupaa na kutua. Kwa futi 6,600 tabia hiyo inakunyima nguvu. Hewa ni haba, petroli ni nyingi, injini inakohoa na kutoa moshi mweusi, na zile farasi 127 hazifiki.

Kwa ndege yenye propela isiyobadilika pembe, utaratibu ni huu. Kwenye eneo la kupimia injini, kanyaga breki, hakikisha hakuna changarawe mbele ya propela, sukuma nguvu zote. Vuta kipini chekundu polepole huku ukitazama mizunguko ya injini; itapanda, itafika kilele, kisha itaanza kushuka. Irudishe kidogo ndani kupita kilele, upande wa mafuta mengi, na uiache hapo. Ndiyo mpangilio wa kupaa. Ukiwa unatembea ardhini vuta zaidi, hadi injini igome ukijaribu kuongeza nguvu; plagi hazitajaa masizi, na ukisahau kurekebisha kabla ya kupaa injini yenyewe itakukumbusha ungali ardhini.

Kwenye kutua ndipo kosa linapojificha zaidi, kwa sababu nguvu zimepunguzwa na injini haisemi kitu. Orodha ya kabla ya kutua inaposema mchanganyiko ujae, mkono unasukuma. Halafu ndege nyingine iko kwenye njia, mnara unakwambia zunguka tena, unasukuma nguvu zote na injini inazongwa na petroli ukiwa futi 50 juu ya misonobari. Weka mchanganyiko wa kupaa kabla ya kuingia mzunguko wa kutua, si wa kujaa.

Njia pana, njia nyembamba

Njia ya kiwanja cha Grand Canyon, 3/21, ina urefu wa futi 8,999 na upana wa 150. Upana huo unadanganya. Aliyezoea njia ya futi 60 au 75 ataona kama yuko chini zaidi ya alivyo, ataivuta pua mapema na kuiangusha ndege kutoka futi kumi. Danganyo la pili ni la kasi. Ukija kwa noti 65 kwenye saa ya kasi, kwa kimo cha kuhisiwa cha futi 10,000 unakwenda 76 kweli. Ardhi inakimbia, jicho linasema punguza, mkono unatii, na bawa linapoteza nguvu ya kuinua. Shikilia namba iliyo kwenye saa, uliyozoea usawa wa bahari. Bawa halijui kasi nyingine. Ambacho kinabadilika ni umbali wa kusimama, unaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Kwa futi 8,999 hilo halina tatizo. Kwa kiwanja kinachofuata, lina.

Kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya ramani utaona Marble Canyon, kiwanja kidogo kando ya barabara kuu 89A, karibu na madaraja mawili ya Navajo, la 1929 na la 1995. Ni kituo kizuri kuliko vyote vilivyomo humu kwa mwenye ndege ndogo: magenge mekundu ya Vermilion upande mmoja, mto Colorado ukianza kujichimbia upande wa pili, na Lees Ferry, wanakoanzia safari wenye maboti ya mpira, jirani. Kiko chini kwa kulinganisha, kama futi 3,600 kutoka usawa wa bahari, lakini shimo lile hukusanya joto. Njia ya lami ni futi 3,700 hivi kwa urefu na 35 tu kwa upana. Hapa danganyo linageuka: njia nyembamba inakufanya ujione uko juu, unashuka zaidi, unajikuta chini mno kabla ya kufika mwanzo wa njia. Kilomita mbili za mwisho tazama altimita (kipimo cha kimo) kuliko unavyotazama njia. Hakuna mnara. Pita juu kwanza, tazama kitambaa cha upepo, tazama kama kuna mtu au mnyama, ndipo uingie mzunguko. Usitegemee kupata petroli. Jaza Page, kama maili 12 za baharini kaskazini-mashariki.

Kuwa mwangalifu na mpaka wa eneo maalumu unapotoka hapo kufuata mto kuelekea kusini. Kima cha chini cha ndege binafsi katika sekta ya Marble Canyon ni futi 8,000, na korongo linavutia mtu kushuka. Juu ya hayo, kanuni inakataza kuwa ndani ya futi 500 za ardhi au jengo lolote kati ya kingo mbili za Grand Canyon, isipokuwa kwa dharura, au pale kupaa na kutua kunapolazimu.

Nje ya ramani

Ukiishapita mpaka, kwenye makorongo ya Utah na viwanja vyake vya udongo, ramani hii haina msaada tena na hakuna anayekupangia kimo. Huko ndiko watu wanakoingia ndani ya korongo, na hesabu ya kugeuza inapaswa kufanywa kabla. Kwa kasi halisi ya noti 105 na mabawa yakiwa yamelazwa nyuzi 30, duara la kugeuka lina upana wa futi 3,400. Ukilaza nyuzi 45 linapungua hadi kama 1,960, lakini kasi ambayo bawa linashindwa inapanda kwa asilimia 19. Ukipunguza kasi halisi hadi 70, nyuzi 30 zilezile zinakupa futi 1,500. Kasi ndiyo inayokula nafasi, kuliko mlalo. Basi punguza kasi na utoe mapanga ya nyuma ya bawa hatua ya kwanza kabla korongo halijabana.

Usiruke katikati. Bana upande ambao upepo unaugonga na kupanda. Hewa inakunyanyua, na ukigeuka unageukia upepo huku upana wote wa korongo ukiwa mbele yako. Katikati unabakiwa na nusu. Ingia kutokea juu kwenda chini, ukifuata mto unakoshukia, kwani sakafu ya korongo ikipanda haraka kuliko ndege yako hutaigundua mpaka imechelewa. Upepo wa kileleni ukipita noti 25, acha siku nyingine. Mgongo wa mlima uuvuke kwa pembe ya nyuzi 45, ili kugeuka kurudi kuwe ni robo ya duara badala ya nusu.

Kuna maelezo ya hiari ya FAA yanayowaomba marubani wabaki futi 2,000 juu ya mbuga na hifadhi. Kwa korongo, futi hizo zinahesabiwa kutoka ukingo wa juu, si kutoka sakafu. Si sheria, ila ni kimo kinachokupa muda wa kuchagua pa kutua injini ikizima.

Karatasi au tableti

Tableti inakuonyesha kidoti chako juu ya ramani, na kwenye korido hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kingo za maeneo yaliyokatazwa hazifuati alama za ardhini ambazo jicho litazitambua. Ingiza koordineti za mwanzo na mwisho wa korido kama vituo kwenye GPS, ufuate mstari kati yake. Udhaifu wake ni jua: kwa futi 11,500 kioo cha mbele kinaipasha tableti hadi inajizima, na huwa inajizima pale pale penye mwanga mkali unapoihitaji. Iweke mbali na kioo, elekeza tundu la hewa kwake, na karatasi iwe imekunjwa upande wako juu, chini ya paja.

Wenye kuchapisha faili nyumbani wazime chaguo la printa la kuibana picha ijae ukurasa, maana linabadilisha kipimo kimyakimya. Njia ya kuhakiki ni rahisi: kwenye mstari wa longitudo, dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Pima dakika kumi kwa rula. Zikitoka karibu na inchi 2.9, chapa ni sahihi. Tazama na tarehe za matumizi pembeni kabla ya kila safari. Toleo lililopita likae nyumbani, lisiingie kwenye begi la ndege pamoja na jipya.